Waraka wa Kila Kisanduku

Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwa woga. Nina mpango wa kupita huko tena, na begi langu moja bado liko forodhani kwao.

Niliingia nchi ile nikitokea kwingine, kama ilivyo kawaida yangu, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kupiga pasi sare za watumishi katika Wizara ya Mpangilio. Sikuuliza kinachopangwa ni nini. Mtu aliyesoma darasa la pili mara mbili katika nchi mbili, na la tano kwa wiki tatu, hujifunza kutouliza. Nitasema niliyoyaona tu. Atakayejiona humu ndani, hayo ni yake na kioo chake.

Kwanza nieleze desturi yao, maana bila hiyo hutaambulia kitu. Katika nchi ile hakuna jambo jema lililoruhusiwa kutokea bila mkubwa kutajwa. Ukisema "kisima kimechimbwa" ukanyamaza hapo, umetukana serikali. Sharti useme kimechimbwa na nani, na huyo nani si yule aliyeshika sururu. Redioni walitangaza: "Asubuhi hii imenyesha mvua ya wastani kwa juhudi za Mheshimiwa Waziri wa Mpangilio." Ukame je? Ukame ulikuja wenyewe. Kwa macho yangu nilimwona bibi harusi akimshukuru Waziri kwa kumpatia bwana harusi, na bwana harusi akaitikia amina.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kanali Bwengo Mashaushi. Udakta alipewa na chuo alichokizindua, uhandisi aliupata kwenye daraja alilolikatia utepe, na ukanali sijui ulitoka wapi, ila viatu vyake alikuwa navyo.

*

Mwaka huo serikali ilinunua Mfumo. Ulikuwa programu moja kubwa ya kompyuta kutoka ng'ambo, ya kuweka hesabu, bohari, watumishi, hospitali, magereza, vizazi na vifo, yote ndani ya kapu moja. Wageni waliouuza walikuja na kifaa cha kuurekebisha. Wakaeleza pole pole, kama unavyomweleza mtu aliyekwisha kulipa: Mfumo huja mtupu, kila mteja anauweka sawa kulingana na kazi zake. Unataka kisanduku kipya kwenye fomu, unaongeza. Hukitaki, unafuta. Unataka kisiachwe wazi, unakitia ulazima. Unataka kitokee kimeshajazwa, unakijaza mapema. Unataka mtu asikiguse, unakitia kufuli.

Walioelewa walipiga makofi, nami nikapiga.

Vijana sita wa nyumba kubwa walipelekwa ng'ambo miezi minane kusomea kifaa hicho. Walirudi na miwani ya jua.

Basi kazi ikamwangukia Siwema Kitwana, fundi cherehani wa Wizara, mama wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye pini mdomoni muda wote. Ilitokea hivi. Kompyuta kuu ya Mfumo iliwekwa kwenye chumba chetu cha kushonea, kwa kuwa ndicho pekee ambacho umeme haukatiki. Waziri hakupenda suti zake zichelewe. Kile kitabu cha maelekezo, kurasa mia sita, kilikuwa juu ya meza hakina msomaji. Siwema akakisoma akisubiri vitambaa. Alipofika mwisho akatoa pini mdomoni, akaniambia:

"Babu, mbona hii ni kushona tu? Hapa unakata, hapa unaongeza pindo, hapa unaweka kifungo. Walikwenda kusomea nini kule?"

"Baridi," nikamwambia.

Waziri alipopata habari kwamba kuna mtu anayeweza kuubadilisha Mfumo, alihamia chumbani kwetu. Akaketi juu ya sare nilizokwisha kunyoosha.

"Bi Siwema, hili neno 'Hasara' limeingiaje humu?"

"Limekuja na Mfumo, Mheshimiwa."

"Linavunja moyo. Toa."

"Niweke nini?"

"Weka 'Faida iliyoko njiani'."

Akaweka. Kwa siku moja nchi nzima ikawa inasubiri faida.

Kesho yake aliondoa "Amestaafu" kwenye orodha ya hali za watumishi. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na mmoja, na neno hilo lilikuwa likimtazama vibaya. Zikabaki hali mbili tu: "Yuko kazini" na "Marehemu". Wazee wengi walichagua kuwa kazini. Kwenye fomu za magereza akafuta "Mfungwa amefariki", na takwimu zikapanda vizuri mno. Hakuna mfungwa aliyekufa tena katika nchi ile, hata wale waliozikwa.

Kisha zikaja fomu za hospitali. Palikuwa na orodha ya sababu za kifo wodini, thelathini na moja: ukosefu wa dawa, umeme kukatika, ukosefu wa hewa, na kadhalika. Waziri akazisoma kwa kidole.

"Hizi zote ni siasa. Bakiza mbili."

"Zipi, Mheshimiwa?"

"'Mapenzi ya Mungu' na 'Uzembe wa muuguzi'. Na kwenye mwenye kosa, iwe lazima kuandika namba ya utumishi. Sitaki watu wa kubuni."

"Na kama mtu akitaka kubadili sababu baadaye?"

"Asiweze. Isipokuwa mwenye kosa mwenyewe, kwa kidole gumba chake." Akacheka hadi mkufu wa saa yake ukacheza tumboni. "Nani atakayekubali kosa? Ni kufuli, lakini lina sura ya haki."

Na mwisho akasema muuguzi mwenye uzembe kwenye rekodi asiruhusiwe kumgusa mgonjwa popote nchini. Mimi nilikuwa pembeni na pasi yangu. Nilimwona Siwema kidole kimesimama juu ya kitufe. Alikuwa na mdogo wake wa damu, Havijawa, muuguzi katika Hospitali ya Mji Chini. Kidole kikasimama, kikasimama. Kisha akabonyeza, maana ndiyo kazi.

*

Siku ya kuuzindua Mfumo yalitakiwa maputo elfu moja yapande angani kwa pamoja, kila moja na picha ya Waziri. Afisa wa sherehe alikuwa amezinunua picha, hewa aliisahau. Asubuhi ile akaendesha lori hadi Hospitali ya Mji Chini. Mitungi ya oksijeni ilikuwa mitano. Havijawa akasimama mlangoni mwa bohari.

"Nina wagonjwa wanne wanaoivuta hewa hii, kaka."

"Wagonjwa wamekaribishwa kwenye sherehe."

"Na tena hii hairushi puto. Si nyepesi. Puto litalala chini kama boga."

"Wewe ni muuguzi wa watu au wa maputo? Pisha."

Wakamsukuma kando kwa viwiko. Afisa akaingiza kwenye Mfumo kwamba mitungi imechukuliwa kwa dharura ya kitaifa, na Mfumo ukamshukuru.

Uwanjani maputo yalilala chini kama maboga. Waziri akahesabu moja, mbili, tatu, akaachia kamba, na nyuso zake elfu moja zikabingirika miguuni mwa mabalozi. Ikabidi wanajeshi wayainue kwa fimbo. Redio ikasema yamepanda.

Saa nane mchana, wakati wanajeshi bado wameinua fimbo, Mzee Chande Mtitu alifariki wodini. Alikuwa mpiga zumari. Robo ya mji ule ilioana kwa pumzi yake. Havijawa alimkanda kifua tangu saa tano, akimpepea kwa jalada la faili, na katikati ya kumkanda aliwaokoa wale watatu wengine kwa kuwabeba mmoja mmoja kwa toroli hadi hospitali ya misheni, mwendo wa robo saa. Aliporudi kumchukua Mzee Chande, alikuwa wa kufunikwa.

Uchunguzi ulichukua dakika kumi na moja. Karani wa mahakama alifungua fomu. Sababu zilikuwa mbili. Akaanza kwa heshima, akachagua "Mapenzi ya Mungu". Mfumo ukadai namba ya utumishi ya mwenye kosa. Karani alitafuta. Mungu hakuwa na namba ya utumishi katika nchi ile. Havijawa alikuwa nayo.

Miaka saba.

*

Siwema alikwenda ofisini kwa Waziri. Mimi nilikuwa nimebeba suti ya Waziri nikimfuata nyuma, kwa hiyo nilisikia yote. Ndani alikuwamo Katibu Mkuu, Ndugu Nyemo, mtu mwembamba aliyeinama hivi tangu alipopandishwa cheo, na wageni watatu wakinywa juisi.

"Mheshimiwa, mdogo wangu hakuua mtu. Mitungi ilichukuliwa kujazia maputo."

"Mama, Mfumo umesema. Mimi ni nani nibishane na Mfumo?"

"Mfumo nimeushona mimi, Mheshimiwa. Kila kitufe najua nilikiweka lini na nani aliniambia."

Waziri akawatazama wageni wake, akaona wanasubiri kuchekeshwa.

"Basi umemshonea mdogo wako gauni la jela. Limemkaa?"

Wakacheka. Katibu Mkuu naye alicheka, akiwa ameinama, kwa hiyo kicheko chake kilikwenda kwenye zulia. Siwema hakulia. Alisogea, akaitundika suti, akaondoa uzi uliokuwa begani mwa Waziri kwa vidole viwili, kama fundi, na akasema, "Bega hili limelegea, Mheshimiwa. Nitalirudia."

Jumapili tulikwenda gerezani. Havijawa alikuwa amekonda lakini ulimi wake ulikuwa haujafungwa.

"Umeleta sabuni?"

"Nimeleta. Havijawa, mdogo wangu, nisamehe. Ile orodha niliikata mimi."

"Najua. Nani mwingine hukata nchi hii?" Akanusa sabuni. "Nisikilize, dada. Usije ukaninunua. Nikitoka kwa kununuliwa, nitabaki mimi ndiye niliyemwua yule mzee. Mimi nataka kuvaa gauni langu jeupe nirudi wodini. Na yeye nataka aandikwe."

"Nani?"

"Unajua nani. Aandikwe jina lake, kwa kidole chake."

Njiani, tulipofika darajani, Siwema akaniuliza:

"Babu, ukitaka kumvua mtu mnene koti asilotaka kulivua, unafanyaje?"

"Unamvuta?"

"Unamwambia limempendeza, unamletea kubwa zaidi. Atalivua mwenyewe."

*

Akasubiri. Miezi mitano alisubiri, akishona. Kila alichotaka Waziri alimfanyia, tena akakipamba kwa ukingo. Waziri akawa anamwita "mama yangu wa Mfumo".

Siku ile ikaja kwa sababu ya bomba la maji. Huko mikoani walizindua bomba, na karani mmoja akasahau kujaza kisanduku cha "Aliyewezesha". Taarifa ikatoka hewani kwamba maji yamefika kijijini, basi, yamefika tu, kama maji yanayojiendea. Waziri aliingia chumbani kwetu, na nyuma yake Katibu Mkuu na maofisa wanane.

"Maji hayana mwenyewe? Nchi hii ni yatima? Kuanzia leo asiachiwe karani kukumbuka! Jina langu litokee limeshajazwa."

Siwema akatoa pini mdomoni, zote, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Wazo kubwa, Mheshimiwa. Kwenye kisanduku cha 'Aliyewezesha'?"

"Kwenye kila kisanduku cha jina!"

"Kila kisanduku?"

"Bi Siwema, umekuwa kiziwi? Kila!"

"Nauliza kwa sababu fomu ni nyingi. Kila fomu nchini?"

Katibu Mkuu akainua kichwa kidogo. Nilimwona. Alikuwa msomi, na msomi huliona shimo. Akafungua mdomo, akamtazama Waziri, akakumbuka mke na gari, akaufunga.

"Kila fomu," Waziri akasema. "Na namba yangu ya utumishi."

"Na za zamani, zilizokwisha kujazwa?"

Hilo lilimpendeza mno. Alifumba macho. "Hata za zamani. Historia nayo inishukuru."

"Na kufuli, Mheshimiwa? Watu wana wivu. Asije mtu akakufuta."

"Tia kufuli! Lisifunguliwe na mtu yeyote. Hata mimi mwenyewe, wasije wakanilazimisha."

"Basi naomba waraka. Wenye sahihi na mhuri. Jambo kubwa hivi lisiende kwa mdomo."

Waraka ukaandikwa palepale juu ya meza yangu ya pasi, na ulikuwa bado una joto Siwema alipousoma kwa sauti mbele ya maofisa wanane: *Kila kisanduku cha jina la mtu, katika kila fomu ya nchi hii, ya zamani na ya sasa, kijazwe jina langu kamili, na lisifutwe na yeyote.* Waziri akatia sahihi iliyochukua nusu ya ukurasa. Maofisa wakapiga makofi.

Siwema akakata kitambaa cheusi cha suti mpya, akaendelea na Mfumo hadi jioni. Alitii neno kwa neno. Alinionyesha kisanduku kimoja tu ambacho hakukijaza. "Hiki nakiacha," akasema. "Katika utumishi wangu wote, ndilo kosa langu pekee."

*

Siku tatu za kwanza Waziri alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote niliopata kuwaona, nami nimeona wengi waliopotoka. Kila bomba, kila darasa, kila kitanda cha hospitali kilikuwa chake. Siku ya nne zikaanza kufika barua.

Watoto mia nne na kumi waliozaliwa wiki ile walikuwa na baba mmoja. Mama zao walikuja wamepanga foleni, wengine na maziwa yametia doa blauzini, wakidai nepi. Ndoa zote za Ijumaa alioa yeye, na mmoja wa wake zake wapya, Bi Kidawa wa miaka themanini na mmoja, alihamia kwake na kuku wake, akamwambia mlinzi, "Mwanangu, cheti si hiki? Nioneshe chumba." Chanjo ya pepopunda ilimhusu mara elfu mbili, na wauguzi wa mkoa walikuja na sindano. Alikuwa amefariki mara sitini, na rambirambi zilipokelewa. Kila mbuzi aliyeibwa aliibwa naye. Na lile daraja la uhandisi wake, lililoanguka zamani na kosa lake likawekwa kwa mafuriko, sasa lilikuwa na mkandarasi mwenye jina.

Ijumaa ya pili akaja Sajini Mkwawila na askari kumi. Alipiga saluti nzuri sana.

"Mheshimiwa, samahani. Kuna makosa elfu kumi na mbili yenye jina lako na namba yako."

"Wewe una wazimu? Ni Mfumo huo!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mfumo umesema. Mimi ni nani nibishane na Mfumo?"

Waziri akakimbia hadi chumba cha kushonea. Soksi moja, kiatu kimoja.

"Siwema! Fungua kufuli!"

"Kufuli gani, Mheshimiwa?"

"Mwanamke, usinichezee! Fungua!"

Siwema akafungua mtoto wa meza, akautoa waraka. Nilikuwa nimeupiga pasi mwenyewe, haukuwa na kunyanzi.

"'Na lisifutwe na yeyote.' Sahihi ni hii. Kubwa mpaka kipofu anaiona."

"Mimi ndiye niliyeiandika, na mimi naifuta!"

"Ulisema hata wewe usiweze, wasije wakakulazimisha. Tazama." Akawaonyesha askari kwa kidevu. "Si ndio hawa?"

"Nyemo! Mwambie!"

Katibu Mkuu alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu yule alisimama wima, na tukagundua ni mrefu. "Mheshimiwa," akasema, "waraka uko wazi. Maofisa wanane walipiga makofi."

"Lakini mimi ni marehemu!" Waziri akamgeukia Sajini. "Mara sitini! Huwezi kumfunga marehemu!"

Sajini akapekua karatasi zake. "Tuliliangalia hilo, Mheshimiwa. Kwenye fomu ya magereza hakuna mahali pa kuandika mfungwa amefariki. Palifutwa."

Siwema akachukua tepu, akampima Waziri mabega, kiuno na mguu, akawaambia askari vipimo. "Mwambieni fundi wa gereza aache pindo. Atapungua."

*

Gerezani mambo yalijipanga yenyewe. Daftari lilikuwa na wafungwa mia sita na arobaini, wote jina moja. Waliokuwamo ndani hawakuwamo kwenye daftari, kwa hiyo mkuu wa gereza hakuwa na haki ya kuwalisha, akawafungulia. Mji uliogopa wezi watajaa. Haukuona tofauti, wakubwa wao walikuwa nje siku zote. Baraza likateua Waziri mwingine, Mfumo ukamkataa, kisanduku kina kufuli. Mpaka naondoka, Waziri wa Mpangilio alikuwa ni yuleyule, kituo chake cha kazi ni seli.

Kila asubuhi wafungwa huhesabiwa. Sheria yao ni kuita jina kamili. Mfungwa anachuchumaa, anasimama, anaitika. Jua likichomoza askari anaanza: "Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kanali Bwengo Mashaushi!" Anachuchumaa, anasimama. "Nipo, afande!" "Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kanali Bwengo Mashaushi!" "Nipo, afande!" Mara mia sita na arobaini, hadi adhuhuri. Watu walianza kuja ukutani na karanga kusikiliza. Bi Kidawa aliletewa kiti, kama mke.

Havijawa alitoka siku ya kwanza, gauni lake jeupe liko begani. Alikwenda moja kwa moja wodini. Mfumo ukamzuia. Mwenye kosa alikuwa amebadilika, lakini sababu ilibaki "Uzembe wa muuguzi", na muuguzi wa hospitali ile ni yeye. Akapewa ufagio. Wiki sita alifagia chini ya vitanda vya watu aliojua kuwatibu.

"Bado kidole," akamwambia dada yake.

"Kinakuja," Siwema akasema. "Mzee wa miaka sabini na mmoja, kuchuchumaa mara mia sita? Kinakuja."

Kilikuja Jumanne. Kwenye jina la mia tatu na tisa Waziri alichuchumaa, hakusimama. Midomo ilikuwa ya buluu. Gereza likataka oksijeni, na mtu anayejua kufungua ile mitungi ya kizamani mji mzima ni Havijawa. Mtungi niliusukuma mimi kwa toroli. Mzito kuliko ninavyopenda kazi.

Tukamkuta kitandani akihema kama samaki. Havijawa akamtazama. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye koki. Sajini Mkwawila akamshika.

"Dada, huruhusiwi kumgusa mgonjwa. Una uzembe."

"Atakufa huyu!"

"Hawezi. Hakuna mahali pa kuandika."

Siwema akaweka kompyuta ndogo juu ya magoti ya Waziri. Fomu ilikuwa wazi. Sababu sasa zilikuwa tatu, ya tatu ameiongeza yeye.

"Mheshimiwa, muuguzi mwenye uzembe hakugusi. Amri yako. Sababu haibadilishwi ila na mwenye kosa, kwa kidole gumba. Amri yako. Nimebadilisha orodha tu. Chagua."

"Hewa..." akasema Waziri.

"Dada, kwanza hewa," Havijawa akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira au ya kazi yake, sijui. "Mimi ni muuguzi."

"Bado. Ukimgusa sasa wanakurudisha ndani. Mwache asome. Yule mwingine alihema tangu saa tano hadi saa nane."

Waziri akasoma. Nilimwona anasoma kwa sababu midomo iliyokuwa ya buluu ilitamka. Kwenye kisanduku cha jina la marehemu, kile kimoja ambacho Siwema alikiacha, hapakuwa na Mashaushi. Paliandikwa Chande Mtitu, mpiga zumari.

"Huyu... nani?"

"Alipiga kwenye harusi yako," Havijawa akasema. "Ya kwanza."

Mtu yule alitazama dari. Kisha mkono ukainuka, kidole gumba kikatafuta mahali, kikakosa, kikatafuta tena. Siwema hakumsaidia. Kikatua. Mfumo ukalia kengele yake ndogo ya shukrani, na Havijawa, kabla kengele haijaisha, alikuwa ameshafungua koki na kumvisha barakoa, amemwinua mgongo kwa mkono mmoja, akimwambia, "Vuta pole pole. Pole pole, mzee. Usiwe na pupa." Waziri akavuta.

Karatasi ikatoka kwenye mashine. Sajini akaniomba niisome, miwani yake aliisahau, nami nikaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa elimu yangu ileile.

Marehemu: Chande Mtitu. Sababu: maputo.

Mwenye kosa hakuhitaji kuandikwa. Kisanduku kilikuwa kimejaa zamani, kwa amri, na kufuli juu yake.